Nyumba Imepigwa Mnada na Bado Unadaiwa: Namna ya Kupinga Hukumu ya Baki la Mkopo Nchini Kenya

Wengi huamini kwamba benki ikishauza nyumba, mambo yamekwisha. Funguo umetoa, vyombo umehamishia kwa shemeji, na moyo umeanza kutulia. Halafu asubuhi moja dalali anabisha hodi na karatasi mkononi: mahakama imeamua unadaiwa shilingi 4,100,000, naye amekuja kuandika makochi, friji na pikipiki. Bei ya mnada haikutosha kuumaliza mkopo, benki ikakushtaki kwa kilichobaki, na kesi ikafika mwisho kabla hujajua kwamba ilianza.

Nimekaa miaka kumi na moja kama karani katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa, na mafaili ya namna hii yamepita mikononi mwangu mengi. Wanaokuja hutueleza habari za nyumba: ilijengwa lini, watoto walizaliwa chumba kipi, dalali alikuwa na jeuri kiasi gani. Nawasikiliza, maana inauma. Lakini hakimu atauliza mambo mengine kabisa: samansi, yaani wito wa mahakama, ulipewa lini, wapi, na hesabu ya benki imekosewa mstari upi. Mwongozo huu unahusu maswali hayo. Ni wa Kenya peke yake. Tanzania na Uganda zina kanuni zao.

Hatua ya kwanza: piga picha, usikiri, hesabu siku

Dalali akija na waranti, yaani amri ya mahakama ya kukamata mali, mwombe uipige picha yote. Unachotafuta ni namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya hukumu, kiasi kinachodaiwa na wakili wa benki. Kwa vitu vya nyumbani, akishaorodhesha hapaswi kuvibeba siku hiyo hiyo. Kanuni za madalali zinakupa siku 7. Hizo siku 7 ndizo utakazofanyia kazi zote zinazofuata, kwa hiyo usizitumie kumtafuta binamu anayemjua mtu wa benki.

Atakupa karatasi utie sahihi. Kusaini kwamba umepokea nakala hakuna shida. Kuandika kwa mkono wako kwamba unakubali deni na utalipa kufikia mwisho wa mwezi ni jambo jingine, na karatasi hiyo utakutana nayo tena kortini, imeambatishwa kwenye kiapo cha benki, yaani maelezo yake ya maandishi yaliyoapiwa.

Kisha jiulize hukumu hiyo ilipatikana vipi, kwa sababu njia zinaachana hapo. Ikiwa hukujibu kesi na benki ikapewa hukumu ya upande mmoja, unaomba itenguliwe katika mahakama ile ile. Ikiwa ulijibu lakini siku ya kusikilizwa hukufika, bado unarudi pale pale, kwa Agizo la 12 kanuni ya 7 la Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010. Ikiwa kesi ilisikilizwa ukashindwa, njia yako ni rufaa, na muda ni mfupi: siku 30 kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, au siku 14 za kutoa notisi ya rufaa ukitoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa. Na ikiwa wewe au wakili wako mlitia sahihi makubaliano yakawa hukumu, itakubidi uonyeshe ulaghai, njama au kosa la namna inayoweza kuvunja mkataba wowote. Hiyo ya mwisho ni ngumu, sitaki kukudanganya.

Mengi niliyoyaona ni ya aina ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapo.

Hatua ya pili: lifikie faili

Usimtegemee mtu akueleze kilichomo ndani ya faili. Kesi mpya zimo kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Za zamani utaenda masjala, ujaze ombi la kukagua, ulipe ada kupitia eCitizen, ukae pale na kalamu. Chukua nakala za hati ya madai, samansi, kiapo cha mpelekaji samansi, ombi la hukumu na hukumu yenyewe.

Kiapo cha mpelekaji samansi kisome mara tatu. Kuna faili moja silisahau. Mpelekaji aliapa kwamba alimkuta mdaiwa nyumbani kwake Likoni, Jumanne saa tano asubuhi, akamweleza kilichomleta, mdaiwa akapokea samansi na kukataa kutia sahihi. Kiapo kizuri, kimenyooka, hadi ukitazama tarehe. Nyumba hiyo ya Likoni ilikuwa imepigwa mnada miezi minane kabla. Mnunuzi alikuwa ameshahamia, amebadilisha geti na rangi ya ukuta. Mdaiwa alikuwa amepanga chumba Mtwapa, na risiti za kodi alikuwa nazo kwenye mfuko wa plastiki. Benki iliyoiuza nyumba ndiyo iliyompeleka mtu kwenda kumtafuta mdaiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Linatokea zaidi ya unavyodhani, na sababu yake ni nyepesi: anwani iliyo kwenye mkataba wa mkopo ni ya nyumba iliyowekwa rehani, na ofisi ya wakili hunakili anwani hiyo bila kufikiri. Benki itajitetea kwamba mkataba unaruhusu notisi zitumwe kwenye anwani ya mwisho inayojulikana. Mkataba unaweza kuruhusu hivyo kwa barua za benki. Samansi ya mahakama inafuata Agizo la 5: upewe wewe mwenyewe, au wakala wako aliyeidhinishwa, au ukitafutwa ukakosekana, mtu mzima wa familia anayeishi nawe. Kubandika mlangoni au kutangaza gazetini kuna masharti yake. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu pia barua pepe na programu za ujumbe kama WhatsApp, lakini kwa anwani au namba unayoitumia kweli. Kwa hiyo kagua simu yako ya zamani kabla hujaapa kwamba hukupata kitu. Hakuna aibu kubwa kuliko wakili wa benki kuonyesha alama mbili za buluu.

Ukiwa Muscat, Doha au Leeds wakati huo, angalia kama benki iliomba ruhusa ya mahakama kukupelekea samansi nje ya nchi. Pasipoti yenye mihuri ya uwanja wa ndege inaongea vizuri kuliko kiapo chochote. Kiapo chako utakiapa mbele ya mthibitishaji wa umma huko uliko au ubalozi wa Kenya.

Kwa nini nasisitiza samansi? Kwa sababu sheria inatofautisha hukumu mbili. Ikiwa hukupewa samansi ipasavyo, hukumu haikufuata kanuni, na mahakama huitengua kama haki yako, hata kabla ya kupima utetezi wako. Mahakama ya Rufaa iliyaeleza hayo vizuri mwaka 2016 kwenye kesi ya James Kanyiita Nderitu dhidi ya Marios Philotas Ghikas. Ikiwa samansi ulipewa lakini ukazubaa, hukumu ni halali, na kuitengua ni hiari ya hakimu; hapo utahitaji sababu ya kuchelewa na utetezi unaostahili kusikilizwa. Mimi hushauri ujenge vyote viwili. Hujui hakimu atamwamini nani, wewe au mpelekaji.

Ukitaka mpelekaji ahojiwe kwa kiapo, omba waziwazi kwa Agizo la 5 kanuni ya 16. Wapo ambao siku hiyo hawatokei.

Hatua ya tatu: tafuta utetezi ndani ya hesabu

Utetezi hauhitaji kuwa wa kushinda. Kesi ya zamani ya Patel dhidi ya E.A. Cargo Handling Services ya 1974, ambayo kila wakili ataitaja, inasema inatosha kuwe na jambo la kubishaniwa kortini. Kwenye baki la mkopo wa nyumba, jambo hilo hupatikana sehemu nne.

Riba ndiyo ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinaweka dari. Mkopo ukishakuwa wa kutolipika, yaani kwa kawaida ukipitisha siku 90 bila malipo, benki haiwezi kudai zaidi ya vitu vitatu: salio la mkopo siku hiyo, riba isiyozidi kiasi hicho hicho, na gharama za kufuatilia deni. Tufanye hesabu. Tuseme siku mkopo ulipoharibika ulikuwa unadaiwa 4,200,000, na hukulipa tena hata senti. Riba haiwezi kupita 4,200,000. Gharama tuziweke 300,000. Jumla ya juu kabisa ni 8,700,000. Nyumba ikauzwa 5,500,000, baki ni 3,200,000. Lakini hati ya madai inasema 4,100,000, kwa kuwa benki iliacha riba itembee hadi 5,100,000. Hapo umepata laki tisa ambazo hakuna sheria inayozitetea, na umepata jambo la kubishaniwa. Angalia pia riba iliyohesabiwa baada ya mnada. Dari ikishafikiwa, benki haipaswi kuendelea kupakia mpaka mahakama itoe amri yake. Kifungu hiki ni cha benki. Sacco ina sheria zake na migogoro yake huenda kwenye baraza la ushirika.

Iandikie benki ukidai taarifa kamili ya akaunti tangu siku ya kwanza, si ile ya ukurasa mmoja iliyoambatishwa kwenye madai. Kaa nayo mezani na rula. Utakuta riba ya adhabu juu ya riba ya adhabu, bima ya nyumba iliyotozwa hata baada ya nyumba kuuzwa, ada ya dalali kwa mnada wa Machi ulioahirishwa, na wa Juni, na wa Septemba. Kila mstari weka alama na uulize: mkataba unasema wapi? Kama mkopo ulikuwepo kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019, kulikuwa na dari ya riba ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango hicho kilipokuwa asilimia 10, benki haikuruhusiwa kupita 14. Na mwaka 2024 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Stanbic dhidi ya Santowels, iliamua kwamba benki inahitaji idhini ya Waziri wa Fedha kabla ya kupandisha viwango vya riba. Barua za kukuarifu kwamba riba imepanda, kama unazo, zitoe kabatini.

Sehemu ya pili ni bei. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaibebesha benki wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana, na lazima ifanye tathmini kabla ya kuuza. Kanuni za madalali zinataka bei ya chini ya mnada itokane na tathmini isiyozidi miezi 12. Dai ripoti hiyo. Ukikuta ni ya miaka mitatu nyuma, au mthamini hakuingia ndani akaandika kwamba aliangalia kwa nje, una kitu. Kisha mlipe mthamini aliyesajiliwa akuandikie thamani ya nyumba kama ilivyokuwa siku ya mnada. Kifungu hicho kina maneno kuhusu asilimia 25 na bei ya soko, yanayofanya ichukuliwe kwamba benki imekiuka wajibu, lakini yameandikwa kwa namna tatanishi na mawakili huyavuta kila upande, kwa hiyo usiyategemee peke yake. Jua pia kwamba bei ya mnada huwa chini. Tathmini ya mauzo ya haraka huwekwa karibu robo tatu ya bei ya soko. Nyumba ya milioni 8 kuuzwa milioni 6 haitamshtua hakimu. Ikiuzwa 5,500,000 kwa mnunuzi mmoja pekee aliyefika, ataanza kukusikiliza.

Sehemu ya tatu ni notisi. Benki ilipaswa kukupa notisi ya kasoro, yaani ya kukosa kulipa, yenye angalau miezi mitatu ya kurekebisha, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, ambayo nakala yake huenda pia kwa mwenzi wako na wadhamini, kisha dalali akakupa siku 45. Ikiwa ilikuwa nyumba ya ndoa, mwenzi alipaswa kuridhia tangu rehani ilipowekwa. Usitarajie kuirudisha nyumba kwa njia hii; mnunuzi asiye na hatia analindwa. Kifungu cha 99 kinakupa fidia dhidi ya benki, na fidia hiyo ndiyo utakayoiweka kama madai kinzani, yaani madai yako dhidi ya benki ndani ya kesi hiyo hiyo, ili ipunguze au kufuta baki. Kuna mtego hapa: kama uliwahi kufungua kesi ya kuzuia mnada na ikaamuliwa, yaliyoamuliwa humo huwezi kuyafufua. Mwambie wakili wako mapema. Wateja wengi hutuficha kesi ya zamani wakidhani itasahaulika, halafu wakili wa benki anaitoa kwenye mkoba siku ya kusikilizwa.

Ya nne ni muda. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inaipa benki miaka 12 kudai fedha za msingi zilizowekewa rehani ya ardhi, lakini malimbikizo ya riba ni miaka 6. Madai ya kawaida ya mkataba nayo ni miaka 6, na wakili wako anaweza kubisha kwamba rehani iliisha nyumba ilipouzwa. Angalia tarehe benki ilipofungua kesi, si tarehe ya hukumu. Tahadhari: kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, au kulipa hata elfu tano, huanzisha hesabu upya. Hukumu yenyewe huishi miaka 12.

Hatua ya nne: andika ombi

Sasa unahitaji wakili, au angalau mtu wa kukusomea rasimu. Mhakiki kwenye orodha ya Chama cha Mawakili kwamba ana cheti cha mwaka huu. Usipoweza kumlipa, nenda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria. Mtu anayekusubiri nje ya geti la mahakama akikuambia anafahamiana na karani, mpite.

Ombi huenda chini ya Agizo la 10 kanuni ya 11, pamoja na cheti cha udharura ili lisikae foleni dalali akibeba vitu. Ndani yake unaomba mambo mawili: utekelezaji usimame ombi likisubiri kusikilizwa, na hukumu itenguliwe uruhusiwe kujitetea. Ukisahau la kwanza, utashinda la pili ukiwa umekaa sakafuni.

Ikiwa hapo awali ulikuwa na wakili kwenye kesi hiyo na sasa umembadilisha, Agizo la 9 kanuni ya 9 linataka ruhusa ya mahakama au makubaliano na wakili aliyetoka, kwa sababu hukumu imeshatolewa. Nimeona maombi mazuri yakitupwa kwa hili peke yake.

Kiapo chako kiwe cha mtu anayesimulia, na tarehe. Nilihama nyumba tarehe fulani, hii hapa barua ya dalali. Tarehe ya kiapo cha mpelekaji nilikuwa nimepanga mahali fulani, hizi hapa risiti na barua ya chifu. Nilijua kuhusu hukumu dalali alipokuja, hii hapa picha ya waranti. Baada ya hapo eleza kila wiki iliyopita kati ya kujua na kufungua ombi. Kama ulikuwa hospitali, weka karatasi ya kuruhusiwa kutoka. Kama ulikuwa unatafuta pesa ya wakili, sema hivyo hivyo. Shah dhidi ya Mbogo ya 1967 inasema mahakama humsaidia aliyeteleza kwa bahati mbaya, wala haimsaidii anayekwepa haki kwa makusudi, na hakimu hupima ni yupi wewe kwa kuangalia hizo wiki.

Ambatisha rasimu ya utetezi na madai kinzani, jedwali lako la riba na ripoti ya mthamini. Ukikubali kwamba sehemu ya deni ni halali, kwa mfano ile 3,200,000, mweleze wakili mapema. Kukubali sehemu kunaweza kumfanya hakimu abakize hukumu kwa kiasi hicho na kutengua kilichozidi. Wakati mwingine hayo ni matokeo mazuri. Wakati mwingine ni kujifunga kamba, hasa kama una madai ya bei.

Ikishindikana

Ombi likikataliwa, unaweza kukata rufaa na kuomba utekelezaji usimame kwa Agizo la 42 kanuni ya 6: uonyeshe hasara kubwa, usiwe umechelewa, na utoe dhamana. Dhamana ndiyo inayowashinda wengi.

Na kama hesabu ni sahihi na samansi ulipewa, omba kulipa kidogo kidogo kwa Agizo la 21 kanuni ya 12. Mahakama inaweza kuruhusu hata benki ikikataa, ukionyesha sababu ya kutosha. Peleka hati ya mshahara, ada za shule, kodi ya nyumba, na kiasi unachoweza kukishika kila mwezi bila kukosa. Ukipokea notisi ya kujieleza kwa nini usifungwe kwa deni, nenda. Mahakama hupaswa kuuliza uwezo wako kabla ya kukupeleka jela, lakini itamuuliza nani ikiwa hukutokea? Kifungo hicho huweza kufika miezi 6, na ukitoka deni bado liko pale pale.

Ombi likikubaliwa

Siku hiyo watu hukumbatiana kwenye korido, na hapo ndipo wengine hupoteza kila kitu. Mara nyingi hakimu hutengua kwa masharti: ulipe benki gharama zilizopotea, uweke kiasi fulani kama dhamana, uwasilishe utetezi ndani ya siku 14. Andika tarehe hizo kabla hujatoka chumba cha mahakama. Amri ichapwe, itiwe muhuri, nakala moja umpelekee dalali siku hiyo hiyo na uchukue sahihi yake ya kupokea, maana yeye hakuwepo kortini na waranti bado iko kwenye gari lake. Lipa gharama kwa njia inayoacha risiti. Utetezi uingie kwenye mfumo siku kadhaa kabla ya mwisho, kwa sababu mtandao wa Mahakama una tabia ya kuzimika alasiri. Sharti moja likipita bila kutimizwa, hukumu ya zamani inarudi, na safari hii hutaweza kusema kwamba hukujua.